Kijiti kilitoka, ufunguo ukabaki

Tarakimu 48.

Kioo cha kompyuta yangu kilikuwa kikiziomba ndani ya kisanduku cheupe. Pembeni, ndani ya kasha dogo la USB, kililala kijiti cha SSD, yaani diski ya chipu, nilichokuwa nimekichomoa kwenye kompyuta mpakato ya mdogo wangu. Mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Akaniuliza taratibu, "Kaka, mbona hakifunguki?"

Sikumjibu mara moja. Nilimwahidi kazi ya nusu saa. Zilikuwa zimepita saa mbili na zaidi. Ndani ya kijiti kile mlikuwamo rasimu ya tasnifu yake, rekodi za mahojiano aliyoyafanya kwa miezi minane, na picha za mama yetu ambazo, tangu simu yake ilipopotea baada ya msiba, hazikuwapo mahali pengine popote.

Hakuna kilichovunjika. Hakuna kilichoungua. Kijiti kilikuwa kizima kabisa.

Kilikuwa kimefungwa tu.

Nina wiki sita sasa nalifikiria jambo hili. Mambo yenyewe yalikwisha salama, nitawaeleza. Ila siku ile niligundua kwamba kitu nilichokuwa nikikihubiria watu kwa miaka miwili nilikuwa nakijua nusu.

## Mashine nzima, nafasi hakuna

Kompyuta yake haikuwa na ubaya. Kioo safi, kibodi laini, uzito wa kubebeka begani kutwa nzima. Kasoro ilikuwa moja: diski ya GB 128, ambayo Windows huionesha kama 119 kwa kuwa mtengenezaji huhesabu kwa 1,000 na mfumo huhesabu kwa 1,024. Mstari wa nafasi ulikuwa mwekundu tangu mwaka uliopita. Masasisho yalikataa kuingia. Kila wiki alifuta kitu ili apate pa kuweka kingine.

SSD ikijaa, shida haiishii kwenye nafasi. Chipu za NAND, zinazotunza data ndani yake, huandikwa kwa kurasa ndogo lakini hufutwa kwa vitalu vikubwa. Vitalu vitupu vikiadimika, kidhibiti, chipu inayoiongoza diski, hulazimika kuhamisha data huku na huko kabla ya kuandika hata sentensi moja mpya, na mwenye mashine huona kila kitu kinakokota. Mdogo wangu alidhani imezeeka. Fundi aliyemwendea alimwambia vivyo hivyo, anunue nyingine.

Mimi niliona mashine iliyokosa pumzi, na dawa yake kitu cha ukubwa wa kidole.

## Milimita 2.3

Ya kufungua nitayapitia haraka. Skrubu mbili zilikuwa zimejificha chini ya vifuti vya mpira. Nilichora mgongo wa kompyuta kwenye kipande cha katoni na kuchomeka kila skrubu mahali pake, maana hazilingani urefu, na ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa hadi kwenye kibodi. Kisha konekta ya betri, kabla ya kugusa kingine chochote.

Kijiti cha kwanza nilichonunua kilikuwa na chipu pande zote mbili. Kiliingia kwenye soketi, lakini kikakaa kimeinuka, na kifuniko cha chini nilipokirudisha kikavimba kona moja. Nikakitoa. Kwenye mashine nene nisingeliona hilo kamwe. Kwenye viwango vya M.2, umbo la vijiti hivi, ubao wa kijiti una unene wa milimita 0.8, na kijiti cha upande mmoja cha daraja la S3 kinaruhusiwa chipu za hadi milimita 1.5 juu yake. Jumla milimita 2.3. Ukiweka chipu na upande wa pili, daraja la D5, unafika 3.8, na hapo ndipo nilipokwama.

Hiyo 2.3 imenikaa kichwani.

Kwa miaka nimesikia kwamba diski hulehemiwa kwenye bodi kwa sababu ya wembamba. Siku ile, nikiwa nimeshika bisibisi, nilitazama ubavu wa mashine iliyokuwa mbele yangu. Palikuwa na tundu la spika za masikioni. Pini inayoingia humo ina kipenyo cha milimita 3.5. Mashine inayoweza kumeza pini ya 3.5 haiwezi kuniambia kwamba kijiti cha 2.3 kinaizidi unene.

Nikajibishana na nafsi yangu, kwa sababu sipendi kushinda hoja kwa mkato. Unene ni kipimo kimoja. Eneo ni kingine. Kijiti cha 2280 kina upana wa milimita 22 na urefu wa 80, na ndani ya mashine nyembamba kila sehemu ya sakafu inagombewa na betri. Hilo nalikubali. Lakini vipo vya 2242, na vya 2230 vyenye urefu wa milimita 30 tu, ambavyo leo vinafika hadi TB 2. Nakubali pia kwamba kitu kilicholehemiwa hakilegei mashine ikianguka, na kwamba soketi ni sehemu moja zaidi ya kununua na kufunga kiwandani. Hizo ni sababu za kweli. Ila wembamba wenyewe ulishaishi na kijiti cha kuchomoka: MacBook Air ya mwaka 2010, iliyokuwa na milimita 3 ukingoni na 17 kwenye unene wake mkubwa, ilikuwa na SSD ya kuchomoka, japo kwa konekta ya aina yake peke yake. Ile ya mwaka 2018 ndiyo iliyokuja na chipu zilizolehemiwa.

Kijiti cha pili nilikichagua kwa joto kuliko kwa kasi, na hili ningemshauri yeyote mwenye mashine nyembamba. Vile vya PCIe 4.0, njia ya kasi ya kupitishia data, vinavyofika MB 7,000 kwa sekunde vinavutia kwenye karatasi, lakini ndani ya kasha lisilo na feni kubwa wala bapa la kupozea vinapata moto na kujipunguzia mwendo vyenyewe. Nilichukua cha upande mmoja, kasi ya wastani, matumizi madogo ya umeme. Mwandishi wa tasnifu hahitaji MB 7,000 kwa sekunde. Anahitaji betri ifike jioni.

## Maji

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu bila kisa hiki hamtaelewa kwa nini zile tarakimu 48 zilinivunja nguvu.

Mwaka juzi rafiki yangu mpiga picha alimwagia maji kompyuta yake, nyembamba kuliko hii. Bodi ikafa. Alinipigia simu: "Ndugu yangu, mashine wacha iende. Niokolee picha tu."

Niliifungua nikitafuta kijiti.

Hapakuwa na kijiti. Palikuwa na chipu nyeusi zilizolehemiwa kwenye bodi ileile iliyoloa, na kidhibiti chake kikiwa ndani ya chipu kuu yenyewe. Hata kama ningepata fundi wa kuzibandua kwa hewa ya moto bila kuziharibu, kilichomo kilikuwa kimesimbwa, yaani kimegeuzwa kisisomeke, kwa ufunguo unaokaa kwenye chipu kuu, na chipu kuu ilikuwa imekufa. Kazi yake ya miaka miwili ilienda nayo. Harusi za watu. Mtoto wa mtu siku ya kwanza nyumbani.

Tangu hapo nikawa mhubiri wa soketi. Kila aliyeniomba ushauri wa kununua kompyuta nyembamba nilimwuliza kwanza kama diski yake inachomoka. Wengi walidhani nazungumzia kuongeza nafasi. Nilikuwa nazungumzia mlango wa dharura: siku bodi ikifa, unafungua skrubu moja, unatoka na kijiti mfukoni, na maisha yako yamo humo.

Niliwaambia hivyo watu wengi. Niliwaambia kwa uhakika.

## Kilichobaki kwenye bodi

Kwa hiyo nilipochomoa kijiti cha mdogo wangu, nilikuwa natembea juu ya imani hiyo. Kompyuta yake ina soketi moja tu. Niliona njia ya haraka ni kukitoa, kukiweka kwenye kasha la USB na kuvuta mafaili kupitia mashine yangu, iliyo na kasi. Sikuchukua nakala kwanza. Naliandika wazi kwa sababu ndilo kosa lililofanya mikono yangu itetemeke: nilishika picha za mama, nakala pekee, na nikaanza kazi bila kuzirudufu.

Kasha likawaka taa. Mfumo ukakiona kijiti, ukakitambua hata ukubwa. Kisha ukaomba ufunguo wa kurejesha.

Nilikitoa, nikakirudisha kwenye soketi yake, nikaunganisha betri, nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Sekunde chache. Picha ya ukutani ikatokea, mafaili yote mahali pake, bila kuulizwa chochote zaidi ya nywila yake ya kila siku. Mdogo wangu alikaa sakafuni na kushusha pumzi. Mimi nilibaki nimesimama.

Kijiti kilekile. Kwenye mashine yangu bubu, kwenye mashine yake kinaongea.

Maelezo yake wengi wenu mnayajua. Kwenye Windows ulinzi huu huitwa BitLocker. Data yote ya diski imesimbwa, na ufunguo wa kuifungua unalindwa na TPM, moduli ya usalama iliyo kwenye bodi au ndani ya chipu kuu. Mashine ikiwaka katika hali yake ya kawaida, TPM inautoa ufunguo kimya kimya. Kijiti kikienda kwingine, TPM haiendi nacho. Hapo njia iliyobaki ni zile tarakimu 48, makundi manane ya sita sita.

Nilikuwa nimeyajua haya kwa miaka. Sikuwa nimewahi kuyaweka karibu na kisa cha rafiki yangu.

Usiku ule niliyaweka. Kama maji yangemwagika kwenye kompyuta ya mdogo wangu, ningefungua skrubu moja, ningetoka na kijiti mfukoni kama nilivyohubiri, na kingekuwa kimya sawasawa na zile chipu zilizolehemiwa za mpiga picha. Soketi ingenipa kipande cha ubao. Ufunguo ungekuwa umekufa na bodi.

## Hakuna aliyekumbuka kufunga

Nilimwuliza asubuhi yake: uliwasha lini usimbaji? Akaniangalia kama namwuliza habari za mtu asiyemjua.

Hakuwasha. Tangu enzi za Windows 8.1, mashine zenye sifa zinazotakiwa huweza kuwasha usimbaji zenyewe mtumiaji anapoingia mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa kurejesha huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Mpango mzuri, na naamini umewasaidia wengi. Mdogo wangu aliianza mashine kwa anwani ya barua pepe ya siku za mwaka wa kwanza chuoni. Nywila ameisahau. Namba ya simu iliyofungwa nayo hana tena.

Ufunguo wake ulikuwapo, basi, mahali salama kabisa ambapo yeye mwenyewe hafiki.

## Nilitaka kuuzima

Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa mepesi: zima usimbaji, usiwashwe tena. Kwangu mimi adui alikuwa maji, bodi iliyokufa, kusahau. Nilikuwa nimeona mtu akilia mbele ya bodi iliyoloa. Sikuwa nimeona mtu akilia kwa sababu ya kijiti kilichosomwa na mgeni.

Nilimwambia hivyo. Aliacha alichokuwa anafanya.

"Kaka," akasema, "wale wanawake walioniambia mambo yao, niliwaahidi hakuna atakayewasikia ila mimi na msimamizi wangu. Mashine hii naibeba kila mahali. Ikiibwa je?"

Sikuwa na la kumjibu, na sikutafuta. Uzito mdogo ambao nimeusifu hapo juu ndio huohuo unaorahisisha mtu kuichukua mezani na kuondoka nayo chini ya koti. Na soketi niliyoihubiri ni mlango kwa yeyote mwenye bisibisi. Bila usimbaji, mwizi angefanya kwa sekunde kadhaa kile nilichoshindwa kufanya siku ile: kuweka kijiti kwenye kasha na kusikiliza sauti za watu waliomwamini mdogo wangu.

Nilikuwa nimefikiria mwenye kijiti tu. Yeye alikuwa anafikiria waliomo ndani yake.

Tukakubaliana: ulinzi unabaki. Kinachobadilika ni mahali unapokaa ufunguo.

## Kuhama

Kuhama kwenyewe hakukuwa na kisa. Kwanza nakala za mafaili yote kwenye diski mbili za nje, picha za mama zikiwa za kwanza. Kisha tukazima usimbaji kwa muda na kusubiri hadi data yote isimbuliwe. Nikawasha mashine kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, kutoka kwenye flashi, kijiti kipya kikiwa kwenye kasha, nikatengeneza nakala pacha, nikabadilisha vijiti. Patishini ya kurejesha, kipande cha diski kilichotengwa kwa ajili ya kurekebisha mfumo, ilikuwa imekaa katikati, kati ya patishini kuu na nafasi mpya, ikabidi isogezwe mwisho ndipo ile kuu ipanuliwe. Kijiti cha TB 1 kikajionesha kama 931. Mstari ukawa wa buluu.

Alicheka alipouona. Ile sauti peke yake ilitosha kunilipa.

Tukawasha usimbaji upya.

## Droo

Kijiti cha zamani nilikiweka kwenye droo. Nilijiambia ni nakala ya ziada, tahadhari, kwa kuwa nilikuwa bado na hofu ya siku ile.

Nilikaa nacho siku tisa kabla halijanipambazukia. Nilikuwa nimezima usimbaji kabla ya kunakili. Kile kilichokuwa kwenye droo yangu sasa kilikuwa wazi: mahojiano yote, sauti zote, bila ulinzi wowote, ndani ya kitu kinachoweza kupotea kwenye mkunjo wa mfuko. Nilikuwa nimehamisha siri za watu kwenda mahali salama na kuacha nakala yake mlangoni.

Wala hakikuwa nakala ya kutegemewa. NAND huhifadhi data kwa chaji ya umeme iliyonaswa kwenye seli, na chaji hiyo huvuja polepole ikikaa bila umeme. Kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya chipu, kwa SSD za watumiaji wa kawaida, zikishatumika hadi mwisho wa uhai wake, kinadai zishikilie data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi 30. Ambayo haijachoka hushika zaidi ya hapo. Lakini droo si makumbusho, na kijiti kile kilikuwa kimefanya kazi kikiwa kimejaa pomoni kwa muda mrefu.

Kufuta nako kuna namna yake. Kuburuta mafaili kwenye pipa la taka hakutoshi, na hata kuandika juu yake mara moja hakufiki kila mahali, kwa kuwa kidhibiti huficha vitalu vya akiba na husambaza maandishi ili seli zichoke kwa usawa. Kinachotakiwa ni kukiagiza kidhibiti chenyewe kifute, kwa amri ya NVMe (lugha ambayo kompyuta huongea na kijiti) ya kufomati yenye chaguo la ufutaji salama. Kabla ya hapo nilifungua zile diski mbili za nje, faili moja moja, nikasikiliza dakika ya mwanzo na ya mwisho ya kila rekodi. Nikatazama kila picha ya mama. Ilinichukua jioni mbili, na sikuharakisha.

Kisha nikatoa amri. Ilimaliza kabla sijaondoa mkono kwenye kibodi.

## Makundi manane

Kulikuwa na kazi moja iliyobaki. Usimbaji ulipowashwa upya ulizaa ufunguo mpya. Tarakimu zile za siku ile, hata tungezipata leo, zisingefungua kitu. Jumapili mdogo wangu alikuja na daftari. Alitoa ufunguo kwenye kioo cha mashine yake mwenyewe, mimi nikaandika kwa kalamu, nakala mbili, moja yake na moja ya kukaa kwangu. Ilipofika zamu ya kuhakiki aliniomba nimsomee mimi, yeye afuatilie kwenye kioo kwa kidole.

Kundi la tano nilikuwa nimekosea. Nimeandika 1 mahali pa 7.

Akanirudisha mwanzo. Tukaanza tena, kundi la kwanza, polepole.